Nyika Tunayoivuka, Maji Tunayokunywa

Wakazi wengi wa Mwambao wanaifahamu barabara ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi kwa usiku wake tu. Hupanda basi baada ya sala ya isha, husinzia kabla ya kufika Mariakani, na huzinduka Mto Athi ukiwa karibu, wakiwa wamekwisha kuvuka zaidi ya kilomita 400 za nchi ambayo, wakiulizwa habari zake, hawana la kusema ila kwamba ni pori, ni kavu na haina kitu. Hukumu hiyo ni dhuluma. Nchi hiyo inayodharauliwa ndiyo iliyopitisha pembe za ndovu zilizoitajirisha bandari yetu katika enzi za misafara. Ndiyo inayobeba leo shehena ziendazo Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Na, jambo lililo kubwa kuliko hayo yote, ndiyo inayotunywesha maji. Mtu hana budi kuijua nchi inayomnywesha, na nchi haijulikani gizani.

Kwa sababu hiyo niliazimia kuivuka nyika mchana kutwa, tena katika Februari, mwezi ambao kaskazi inakaribia ukingoni, mvua za vuli zimekwisha zamani na masika hayajatia mguu, kwa kuwa anayetaka kuijua tabia ya nyika yafaa aitazame ikiwa na kiu, si ikiwa imeshiba. Aliyeshika usukani ni ami yangu, mtu mzima aliyeumaliza ujana wake katika malori ya shehena, ambaye kila mlima, kila daraja na kila mgahawa wa njia hiyo una kisa chake kinywani mwake. Tuliswali alfajiri, akakagua magurudumu na rejeta, kisha akapakia nyuma ya gari madumu mawili ya maji, moja la gari na moja la watu. Nilipomwuliza kama yote mawili yalikuwa na lazima, maadamu maduka yamejaa njia nzima, alinijibu bila ya kugeuka: “Mwanangu, duka huuza maji mpaka siku ambayo hayapo.”

Hadi Mazeras msafiri yungali nyumbani. Minazi inamsindikiza pande zote mbili, umande uko juu ya majani, na upande wa kaskazini mwa barabara viko vilima vya Rabai, ambako wamisionari Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walifanya makao yao katika mwaka wa 1846. Hata Mariakani, palipo na mizani ya malori na msururu wa magari mazito ambao aghalabu hauishi usiku wala mchana, bado hewa ina harufu kidogo ya bahari. Lakini ukipita hapo, na ukashuka kuelekea Maji ya Chumvi, minazi inaacha ghafula, nchi inapanuka, na jua, ambalo pwani lina desturi ya kumpigia mtu hodi, linaingia garini bila ya idhini.

Hapo ndipo inapoanza nyika ya Taru. Nchi ni tambarare, yenye vichaka vya miiba vilivyofungamana, navyo katika kiangazi hupukutisha majani yote na kubaki vijiti vya rangi ya jivu, hata mgeni hudhani vyote vimekufa. Havikufa. Vimejifunga tu kuungoja msimu, na mvua moja nzuri ya usiku hutosha kuvivika kijani katika siku chache. Miongoni mwake imesimama mibuyu, iliyohifadhi maji katika vigogo vyake vinene, na migunga yenye vivuli vyembamba ambavyo mbuzi wa Waduruma huvigombea tangu saa tatu za asubuhi. Mvua huja hapa mara mbili kwa mwaka, na za vuli ndizo za kutegemewa zaidi. Zikikosa hizo, mkulima anajua kwamba mwaka wake umekwisha kuharibika, hata kama masika yatanyesha.

Wazee wetu wa misafara waliivuka nchi hii kwa miguu, mizigo vichwani, na kilichowawezesha ni elimu ya mahali palipo na maji. Huko Taru kuna majabali mapana yenye mashimo ya asili yaitwayo ngurunga, ambamo maji ya mvua hutuama kwa muda mrefu baada ya ardhi nyingine kukauka. Kiongozi wa msafara aliyezijua ngurunga, na kujua ipi ina maji katika mwezi gani, alikuwa na thamani kuliko mwenye bunduki mia. Rebmann alivuka nyika katika mwaka wa 1848 akiongozwa na mtu wa namna hiyo, Bwana Kheri, na tarehe 11 Mei akaiona theluji ya Kilimanjaro, habari ambayo baadhi ya wanazuoni wa London waliikataa kwa miaka, wakiwa wameketi vitini mwao. Mwenzake Krapf alionja uchungu wa nyika ya Ukambani mnamo 1851, pale Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui aliyekuwa mwenyeji wake, alipouawa na wanyang’anyi karibu na Mto Tana. Krapf alikimbia peke yake, naye, kwa kukosa chombo, akajaza maji katika mitutu ya bunduki yake na katika mfuko wa ngozi wa darubini yake, akaendelea kutembea usiku huku miiba ikimpokonya hata akiba hiyo ndogo.

Elimu ya maji haijatoka katika nchi hiyo. Mbele kidogo ya Samburu tulimkuta mama mmoja amepumzika chini ya mgunga, na punda wake wawili wamefungwa madumu ya manjano, manne kwa kila punda, yote matupu. Ami alisimamisha gari.

“Shikamoo, mama,” nilimwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Mwatoka Mombasa?”

“Ndiyo, mama. Siku hizi maji mwayapata wapi?”

“Silanga letu limekauka. Sasa twaenda bombani, twatoka usiku ili tuwahi foleni. Na bomba nalo siku nyingine halitoi, basi twarudi vivi hivi.”

Ami alishuka bila ya kusema neno, akalichukua lile dumu la watu na kulimimina katika dumu moja la yule mama, naye akalishika kwa mikono miwili asimwage tone, kisha akalifunga mdomo kwa gunzi la hindi lililolainika kwa matumizi mengi, akalikaza kwa kiganja, akatuombea dua ya safari. Silanga ni lambo la kukinga maji ya mvua, ambalo vijiji vya upande wa Kinango hulitegemea kwa ng’ombe na kwa watu pia. Likikauka, siku nzima ya mwanamke huwa ni safari ya maji, na binti zake huacha shule ili wamsaidie. Tulipoondoka, ami aliniambia kwamba tangu alipokuwa kijana amewaona watoto wa njia hiyo wakisimama kando ya lami kila kiangazi, wakiwaashiria madereva kwa mikono iliyokunjwa kama kikombe, na kwamba dereva mwenye imani hatupi chupa ya maji iliyobaki, huipunguzia mwendo gari akawapa.

Reli nayo ilijengwa kwa maji ya kuchukuliwa. Kazi ya Reli ya Uganda ilianza Mombasa katika 1896, na ilipoingia Taru haikukuta mto wala kisima cha kuitosheleza, hata ikabidi maji ya wafanyakazi yaletwe kwa treni kutoka nyuma, siku baada ya siku, na treni ikichelewa watu walishikwa na kiu kazini. Waliokuja kutoka Bara Hindi kwa mkataba wa kazi hiyo walipita 31,000, na wapatao 2,500 walikufa. Mmoja wa wale waliozikwa njiani anakumbukwa hadi leo pale Mackinnon Road, Sayyid Baghali Shah, ambaye husimuliwa kwamba alikuwa msimamizi wa vibarua wa reli, na kwamba karai la udongo alilobeba lilielea juu ya kichwa chake bila ya kukigusa. Kaburi lake limo ndani ya msikiti uliojengwa kando ya reli, nao madereva wa njia hiyo, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, wana mazoea ya kusimama hapo, kutoa sadaka na kuomba salama. Ami alivua viatu, akasoma Fatiha, akatia chochote katika sanduku, tukaendelea.

Kutoka Maungu hadi Voi ardhi inageuka kuwa nyekundu, wekundu wa matofali, na vichuguu vya mchwa vinasimama pande zote kwa urefu wa mtu. Ilikuwa inakaribia saa sita. Lami ilikuwa inameta kwa mbali mithili ya maji, hewa juu yake inatetemeka, upepo unaoingia dirishani ni wa joto kuliko hewa iliyomo ndani, na ndege wote wamejificha isipokuwa mwewe mmoja aliyekuwa akizunguka juu sana. Upande wa kushoto ilionekana milima ya Sagalla na ya Taita, yenye mawingu vilele vyake, ambako watu hulima mboga zinazouzwa Mombasa. Na ni ajabu ya nchi hii kwamba mtu aungue jua bondeni huku macho yake yakitazama ukungu.

Tangu 1948 sehemu kubwa ya nyika hii ni hifadhi ya Tsavo, iliyogawanywa kuwa ya Mashariki na ya Magharibi, na zote mbili pamoja zinapita kilomita za mraba 20,000. Ndovu wake huoga vumbi la nchi yao na kuchukua rangi yake, kwa hiyo ni wekundu. Tulimwona jike mmoja karibu na barabara, amesimama mbele ya mbuyu, akiutoboa kwa pembe, akibandua gome kwa vipande virefu vilivyoning’inia, akivitafuna kwa subira mpaka akamaliza unyevu wake, kisha akizitema kamba chini. Kigogo cha mbuyu huo kilikuwa kimechimbwa kote, hadi kimo ambacho pembe zake zilifika. Hivyo ndivyo ndovu anavyoishi kiangazi. Na kiangazi kinapopita kiasi, kama katika ukame wa 1970 na 1971, hata mibuyu haitoshi, na katika Tsavo ndovu walikufa kwa maelfu, wengi wao majike na watoto, kwa kuwa hao ndio wasioweza kwenda mbali na maji. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 imejengwa juu ya tuta refu, nayo imewekewa njia za chini ili wanyama wavuke kwenda mitoni, maana tuta lisilo na mwanya lingewaua kwa kiu bila ya risasi moja.

Daraja la Tsavo lina sifa yake ulimwenguni kwa ajili ya simba wawili madume, wasio na manyoya ya shingoni, waliowaua wajenzi wa reli mnamo 1898 mpaka J. H. Patterson, msimamizi wa ujenzi wa daraja hilo, alipowapiga risasi mwishoni mwa mwaka. Nao sasa wamo katika jumba la makumbusho la Chicago. Kila mgeni huuliza habari za simba hao. Ni wachache wanaouliza habari za mto wenyewe, kwamba kuna nini hata mto upite na maji safi mchana wa Februari, katika nchi ambayo mito mingine mingi imebaki mchanga mtupu. Swali hilo lina manufaa kwetu kuliko la simba.

Jawabu lake liko katika milima ya Chyulu, ile safu ndefu inayoonekana kushoto kwa msafiri aelekeaye Nairobi baada ya Mtito Andei. Milima hiyo ni ya majivu na mawe ya volkano, yenye matundu mengi, hata mvua inayoinyeshea haifanyi mto wala kijito juu ya ardhi. Yote hunywewa, huingia chini, husafiri katika giza la miamba kwa muda mrefu, na huibuka penye chemchemi za Mzima, katika Tsavo Magharibi, yakiwa maangavu kiasi cha kuwaona samaki na viboko wakitembea chini yake. Sehemu ya maji hayo huingia Mto Tsavo; Tsavo huungana na Athi kuwa Galana; na Galana, ikikaribia pwani, huitwa Sabaki na kuingia baharini kaskazini ya Malindi. Sehemu nyingine, tangu miaka ya 1950, huingia katika bomba ambalo limelazwa kwa masafa ya zaidi ya kilomita 200 na kushuka kwa mteremko wa nchi hadi Mombasa. Mji wetu una vianzio vingine, vya Marere, vya Tiwi na vya Baricho penye Sabaki yenyewe, lakini Mzima ni mmoja wa vile vikubwa. Basi mwanamke wa Kisauni au wa Changamwe anayefungua mfereji asubuhi akatia maji sufuriani, huenda anapika kwa mvua iliyonyesha Chyulu zamani, iliyopita chini ya miguu ya ndovu na kando ya vijiji vya watu wenye kiu.

Neno hilo la mwisho ndilo linaloniuma. Voi na baadhi ya miji ya njiani ina sehemu yake katika bomba la Mzima, na watu wa Taita Taveta kwa miaka mingi wameomba hisa iliyo ya insafu katika maji yanayotoka katika ardhi yao. Sisi wa mjini tumezoea kuyasikia maombi hayo kama fitina za siasa. Atakayeivuka nyika mchana wa kiangazi, akamkuta mama na punda wake wakirudi na madumu matupu kutoka bombani, hatayasikia hivyo tena.

Tulifika Mtito Andei, nusu ya safari, tukajaza petroli na kuendelea bila ya kula, kwa kuwa ami alikuwa na mahali pake. Nchi inaanza kupanda. Kibwezi ina chemchemi zilizotoka katika Chyulu hiyo hiyo, na mashamba yake ya mkonge na ya matunda yanamshangaza aliyetoka katika vumbi. Wachuuzi huja dirishani na maembe, machungwa na asali. Kisha ikaja Makindu, na hapo, kando ya barabara kuu, liko hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 na jamaa za wale waliokuja kwa kazi ya reli.

Tulivua viatu, tukaosha mikono na miguu, tukafunika vichwa kwa vitambaa vilivyowekwa mlangoni, tukaketi sakafuni katika safu pamoja na wasafiri wengine: tanboi wawili wa lori la Kampala, mama Mkamba na mjukuu wake, na familia ya Kihindi iliyotoka Nairobi. Hakuna aliyeulizwa dini yake wala kabila lake wala fedha yake. Tuligawiwa dengu, mboga, wali na chai ya maziwa. Na mgawaji wa chapati, mzee mwenye ndevu nyeupe, hakuziweka sahanini bali alingoja mpaka kila mtu akinge mikono miwili, ndipo akampa, mtoto kama mtu mzima. Takrima hiyo hutolewa kila siku, bure, kwa yeyote anayepita. Ami alinieleza kwamba katika siku zake za malori, alipoharibikiwa na gari akakaa Makindu kungojea kipuri, alikula na kulala hapo bila ya kudaiwa hata senti. Nadhani watu ambao babu zao waliijua kiu ya Taru wanafahamu kuliko wengine haki ya msafiri ni nini.

Alasiri ilikuwa imeingia tulipopita Emali na Sultan Hamud, mji uliopewa jina la Sayyid Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar, aliyetawala tangu 1896 hadi 1902 na akaja kuizuru reli ilipokuwa ikijengwa. Vilima vya Salama vikatupandisha kwa mizunguko yake, malori yakiguna mbele yetu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi upepo ulioingia dirishani ulikuwa baridi. Juu yake inatanda mbuga ya Kapiti, nyasi za manjano upeo wa macho, punda milia na kongoni wametawanyika ndani yake. Nairobi, iliyo juu ya bahari kwa mita zaidi ya 1,600, ilitupokea magharibi na msongamano wake wa magari.

Ninayo mambo matatu ya kuwaambia wasomaji wangu wa Mwambao. La kwanza, kila mzazi mwenye uwezo awavushe watoto wake nyika hii mchana, angalau mara moja, na awaonyeshe kwa kidole Taru, Tsavo na Chyulu, kwa kuwa mtoto asiyejua maji yake yanatoka wapi hawezi kuyalinda. La pili, msitu wa Chyulu, unaochomwa moto na kukatwa makaa, usihesabiwe kuwa kadhia ya watu wa bara peke yao. Kila mti unaoanguka kule unapunguza maji katika mifereji yetu huku, na madiwani na wabunge wa Mombasa wana wajibu wa kuusemea kama wanavyoisemea bandari. La tatu, na ndilo zito kuliko yote, serikali za kaunti zinazohusika na mamlaka za maji ziketi pamoja na kuhakikisha kwamba hakuna bomba jingine linalolazwa kutoka Mzima kabla ya vijiji vya njiani kupata mifereji yao, na kwamba mifereji iliyopo inatoa maji mwezi wa Februari, si mwezi wa Mei tu. Tutalipia bili zetu na tutasubiri zamu zetu. Kijiji kinachopitiwa na bomba kina haki ya kunywa kabla ya mji unaolingojea.